Je, Wajua? Kutu ya gari huanzia ndani

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana rangi huvimba vipele. Ukiona kipele chini ya mlango au kwenye tao la gurudumu, mara nyingi bati limeshaliwa kwa ndani, na gharama halisi haijulikani mpaka fundi wa bodi akwangue.

Magari mengi yaliyotumika tunayonunua hutoka Japani. Kaskazini ya huko, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi huharakisha kutu. Omba karatasi ya mnada wa Japani uisome kabla ya kulipa: kwenye mchoro wa gari, herufi S huonyesha kutu, na C kutu iliyokwisha kula chuma. Gari likifika Mombasa au Tanga, upepo wa bahari huendeleza kazi hiyo.

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini. Inaposhika kwa unyonge kwenye bodi ya chuma, huenda pana puti nene. Puti juu ya kutu ni rahisi leo, lakini kutu huendelea kula chini yake, na utalipa tena. Kazi ya kweli ni kukata sehemu iliyooza, kuchomelea bati jipya, kisha praima na rangi. Mkubaliane bei baada ya kufungua, si kabla.

Chesisi ikiwa imetoboka karibu na pale springi zinapofungwa, achana na gari hilo hata likishushwa bei.