Bega la Mkulima na Mikono ya Tabibu

Katika vilima vya Mabira, wilayani Kyerwa, ambako mgomba ndio chakula na mbuni ndio fedha, mtu huanza kubeba mikungu ya ndizi angali kijana, na afikapo umri wa miaka 60 si ajabu akashindwa kuinua mkono kutungua jembe darini, ama akaamka usiku kila aulaliapo ubavu wa kulia.

Kichwa cha mfupa wa mkono hakikuzama katika shimo refu kama cha paja, bali kimeegemea kisahani kidogo, kikashikwa na kano nne zilizokizunguka. Hizo ndizo huchakaa na kuchanika, na eksirei, ijuayo mifupa, haizioni. Altrasaundi na MRI huziona, lakini MRI ni ya hospitali kubwa za mijini. Basi tabibu wa zahanati isiyo na vipimo hivyo hana nyenzo ila macho na mikono yake.

Humwambia mgonjwa anyooshe mkono mbele, kando kidogo, dole gumba likielekea chini kama amwagaye maji ya kopo, kisha huukandamiza; ukilegea, kano ya juu ina shaka. Tena humtaka abane kiwiko ubavuni na kusukuma kiganja kwenda nje. Mwisho huuinua mkono mwenyewe, akitazama kama maumivu huja kano ibanwapo chini ya mfupa wa fuzi.

Kila kipimo peke yake ni shahidi dhaifu, kwa kuwa mkono hulegea kwa maumivu tu, au kwa neva iliyobanwa shingoni. Lakini mwaka 2001 watafiti Murrell na Walton, wa Sydney, Australia, walilinganisha vipimo 23 kwa watu 400, wakaona kwamba vitatu hivi vikiafikiana, au viwili kwa mwenye miaka 60 na zaidi, uwezekano wa kano kuchanika ni asilimia 98. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, isihamishiwe zahanati nzima nzima, maana wale walikwisha kufika kwa mabingwa. Tena wazee wengi wana kano zilizochanika wala hawaumwi, hata kuuona mchaniko si kuijua sababu ya maumivu.

Aliyechakaa bega polepole kwa kawaida huanzia kwenye mazoezi, si kisu. Ama wewe uliyeanguka leo na mkono ukakataa kuinuka, usingoje mavuno yaishe: nenda hospitali, kwani kano iliyokatika ghafula hushonwa vyema ingali mbichi.