Damu ya Maharage

Mche wa maharage ukianza kutoa maua, ung'oe mmoja taratibu. Usiuvute kama gugu; chimba pembeni kwa kijiti, uunyanyue na udongo wake, kisha uukung'ute. Mizizini utaona vinundu, vingine vidogo kama ulezi, vingine vimefikia punje ya mtama. Kibandue kimoja, ukipasue kwa kucha. Ndani ni chekundu cha waridi, na ukikisugua kidoleni kinaacha doa kama la mbu aliyeuawa akiwa ameshiba.

Nilifanya hivyo Nyamigogo, wilayani Biharamulo, kwenye shamba la maharage yaliyochanganywa na mahindi. Mama mwenye shamba alisimama na jembe lake begani akinitazama.

"Unatafuta nini huko chini, baba? Maharage yanazaa juu."

Nikamwonyesha kidole. Siku zote, akasema, alidhani vile vinundu ni ugonjwa. Dhana yake ina msingi, maana kuna minyoo ya udongoni ambayo nayo huvimbisha mizizi. Ila uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliotutumka, hauchomoki. Kinundu cha heri kimekaa ubavuni mwa mzizi, ukikigusa kinabanduka.

"Kwa hiyo hii ni damu?"

Ni jamaa wa karibu wa damu. Inaitwa leghemoglobini, na aliyeitambua kwa mara ya kwanza kwenye mizizi ya soya ni mwanasayansi wa Kijapani aitwaye Kubo, mwaka 1939. Ndani ya kinundu wanaishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe mbolea ya mche. Mche nao unawalipa kwa sukari. Shida ni kwamba kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinaharibika kikikutana na oksijeni, na bakteria hao hao wanahitaji oksijeni ili wapumue. Leghemoglobini ndiyo msuluhishi: inaikamata oksijeni na kuitoa kwa kipimo, kama bibi anayefungia sukari kabatini na kuigawa kijiko kimoja kimoja. Wekundu wake unatokana na himu, pete ndogo ya kikemia yenye chembe ya chuma katikati. Himu hiyo hiyo ndiyo inayoipa rangi damu ya ng'ombe, na yako. Ukipasua kinundu ukakuta cheupe au kijani ndani, bakteria wake wanakula bure.

Mwaka 2011 mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Patrick Brown, alianzisha kampuni ya Impossible Foods huko Kalifonia akiwa na swali moja: nyama inapata wapi ladha ya nyama? Jibu alilolishikilia ni himu. Inapopata moto pamoja na sukari na asidi za amino, ndipo inapotoka ile harufu inayomfanya mtu ageuze shingo anapopita karibu na jiko la nyama choma. Basi wakachukua jeni ya leghemoglobini ya soya, wakaipandikiza kwenye hamira, na hamira wakaikuza kwenye matangi kama ya bia. Kitokacho humo huchanganywa na protini ya soya na mafuta ya nazi, na baga yake ilianza kuuzwa New York mwaka 2016. Inatoa majimaji mekundu ukiibana. Washindani wao, Beyond Meat, walitegemea protini ya njegere na rangi ya bitiruti.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu ya ng'ombe. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha kwenye jarida la Science hesabu iliyokusanywa kutoka mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Walikuta kwamba gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama zinaambatana, kwa wastani wa dunia, na gesi joto sawa na kilo 50 za hewa ukaa. Gramu 100 kutoka jamii ya maharage na dengu: kilo 0.8. Njegere: 0.4. Tofauti kubwa inaanzia tumboni, ambako vijidudu vinavyomeng'enya nyasi hutoa methani, na ng'ombe huicheua siku nzima. Nyingine inatokana na ardhi, hasa pale msitu unapofyekwa ili kupata malisho.

Kampuni za nyama ya mimea nazo zina hesabu zao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa 2018 ulionyesha kwamba baga ya Beyond hutoa gesi joto pungufu kwa asilimia 90 kuliko ya ng'ombe wa Marekani, inatumia ardhi pungufu kwa asilimia 93, na nishati pungufu kwa asilimia 46. Utafiti huo uliagizwa na Beyond wenyewe. Sisemi kwamba wamedanganya. Takwimu zao zinaelekeana na za wengine. Ila itazame hiyo 46 inavyobaki nyuma ya wenzake. Njegere inasagwa, protini inatenganishwa na wanga, inakaushwa, inapikwa kwa mgandamizo, inagandishwa, inasafirishwa kwenye lori la baridi. Kila hatua ina umeme wake. Halafu angalia ni nani aliyewekwa kwenye mizani upande wa pili. Ni ng'ombe, tena wa Marekani. Njegere ya kuchemsha tu haikuitwa. Ingeitwa, baga ingeshindwa.

Walaji wa Kalifonia hawakuwa wanatafuta njegere ya kuchemsha, hilo naelewa. Lakini hata baga hawakuing'ang'ania. Hisa za Beyond ziliingia sokoni Mei 2019 kwa dola 25, zikapita 230 Julai mwaka huo huo, na mwishoni mwa 2023 zilikuwa chini ya dola 10. Watu walionja, wakatazama bei, wakarudi buchani.

Kwetu nyama ya mimea ilishafika zamani bila kelele. Kwenye maduka ya mijini utakuta pakiti za vipande vikavu vya soya, vyepesi kama sponji, na wateja wake waaminifu ni Wasabato wanaojizuia na nyama. Ni urithi wa mbali: tangu mwishoni mwa karne ya 19 Wasabato wa Battle Creek, Marekani, chini ya daktari John Harvey Kellogg, walikuwa wakitengeneza nyama bandia ya karanga na ngano. Vipande vya soya vinatoka kwenye mashine inayofanana na ya kusagia nyama. Unga wa soya uliokamuliwa mafuta unasukumwa na parafujo ndani ya bomba la moto mkali; protini zinakunjuka na kujipanga kama nyuzi, na zikichomoza tu kwenye tundu la mwisho, maji yaliyomo yanalipuka kuwa mvuke na kuacha vishimo. Jikoni unavilowesha maji ya moto, unavikamua kama kitambaa (usipokamua vizuri mchuzi utanuka soya), kisha unavikaanga na kitunguu na nyanya. Si vibaya. Mtoto hawezi kudanganyika kwamba ni nyama, ila mgeni mwenye njaa anaweza.

Na soya yenyewe? Takribani robo tatu ya soya ya dunia inaishia kwenye chakula cha mifugo: kuku, nguruwe na ng'ombe wa watu wengine.

Turudi Nyamigogo. Wastani wa kilo 50 ni wastani wa dunia, na ng'ombe wa Kagera hajui wastani. Yule mwenye mapembe marefu ya Ankole, na yule mwenye nundu aliyeswagwa na wafugaji wa Kisukuma, wote wanatoa maziwa, samadi ya migomba, mahari, na ada ya shule inapofika Januari. Ukibebesha nyama peke yake mzigo wote wa methani, unamwonea ng'ombe. Lakini usimsafishe kupita kiasi. Anakua polepole, na miaka yote hiyo anacheua, kwa hiyo kilo moja ya nyama yake inaweza kuwa na gesi nyingi kuliko ya mwenzake aliyenenepeshwa zizini. Malisho nayo yana mipaka: mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, zaidi ya kilomita za mraba 4,700, na ng'ombe haruhusiwi humo.

Hata hivyo, wakulima wengi wa huku wanakula nyama ya ng'ombe kwa sikukuu na harusi. Kumwambia mtu huyo apunguze nyama ili aokoe dunia ni kama kumshauri mwenye kandambili moja apunguze viatu. Protini yake ya kila siku ni maharage. Swali la kweli, basi, ni kama maharage yenyewe yana nafuu tunayoyapa, na mahali pa kuliuliza ni mafigani.

Sufuria ya maharage makavu kwenye mafiga matatu inakaa saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Sehemu kubwa ya joto inapotelea pembeni. Tufanye hesabu ya vidole. Tuseme kilo moja ya maharage imekula kilo tatu za kuni kavu. Nusu ya uzito wa kuni ni kaboni, kwa hiyo kila kilo ikiungua inatoa hewa ukaa karibu kilo 1.8, tatu zinatoa 5.4. Kilo ya maharage ina protini gramu 210 hivi. Gawanya: kila gramu 100 za protini zimebeba kilo 2.6 za moshi, juu ya ile 0.8 ya shambani. Jumla 3.4. Jiko limeongeza mzigo zaidi ya mara tatu ya ule wa shamba. Miti ikichipua tena palepale, moshi huo unarudi kwenye majani na deni linafutika; isipochipua, linabaki. Bado tuko mbali sana na 50, na nyama nayo haipikwi kwa jua. Lakini hizo kilo tatu za kuni zilibebwa na mtu kichwani, na moshi wake ulipita machoni kabla ya kufika angani.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Nauunga mkono, ila nina wasiwasi mmoja unaotoka jikoni. Nenda nyumba yenye mtungi wa gesi uangalie: mtungi ni wa chai, mayai na kupasha kiporo. Siku ya maharage jiko la mkaa linatolewa nje. Hakuna anayetaka kusikia gesi ikivuma saa tatu kwa ajili ya maharage.

Yanakawia kwa nini? Seli za punje zimeshikamanishwa na gundi iitwayo pektini, na punje hailainiki mpaka gundi hiyo iyeyuke. Maharage yakikaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu, fitati iliyomo ndani yake inavunjika na kuachia kalsiamu na magnesi. Madini hayo yanakwenda kuishikilia pektini kama msumari kwenye bati. Ndiyo yale maharage ya msimu uliopita yanayochemka mpaka maji yanakauka mara mbili na bado yanagonga sufuria. Mwinuko nao unachangia: kwenye vilima vya Ngara vinavyopita mita 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, na sufuria ya kawaida haiwezi kuyalazimisha. Sufuria ya presha inaweza.

Asiye na presha ana bakuli la maji. Kuloweka usiku kucha kunapunguza muda wa moto kwa kiasi cha kuonekana, na maji yakimwagwa yanaondoka na sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi. Magadi yanasaidia pia: sodiamu inaitoa kalsiamu kwenye pektini na kukaa mahali pake. Yanaharibu vitamini B1 na rangi ya mchuzi, kwa hiyo wapishi wanaojali wanatia chembe tu.

Kiafya nitapita haraka. Mahindi yana upungufu wa lisini, maharage yanayo tele, na makande yalilimaliza tatizo hilo kabla ya maabara. Chuma cha maharage hakifyonzwi kwa wepesi kama cha nyama, hivyo nyanya au ndimu mezani ni msaada na chai nzito baada ya mlo ni hasara. Vitamini B12 haimo kabisa. Hapo glasi ya maziwa ya yule ng'ombe inahitajika.

Siku ya gulio nilimwona tena yule mama, safari hii akinunua, kwa kuwa ya kwake yalikuwa bado maua. Alichota kiganja kimoja kutoka kwenye gunia, akayapeperusha, akachagua punje moja na kuitia kwenye magego. Akaisikiliza ikivunjika.

"Haya ya lini?"

"Mapya hayo, mama. Yametoka shambani juzi."

Akaitema punje kiganjani, ikiwa imepasuka vipande viwili vikavu kama kokoto, akamrudishia muuzaji, na kusogea kwenye gunia la pili.