Kuiuguza Okidi ya Watu

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyeingia kwetu Silanga mwezi wa Machi mwaka huu alikuja yeye mwenyewe akitafuta kuponywa. Alikuja ndani ya kiondo cha Mama, amefunikwa leso, majani yamelegea kama ulimi wa mbwa mchana wa jua. Jina lake ni okidi.

Wengi wenu mmeiona kwa mbali tu, pale mapokezi ya hoteli au kwenye kalenda. Ni lile ua lenye petali pana mfano wa mbawa za nondo. Hata jina lake la kitaalamu, Phalaenopsis, ambalo Carl Blume aliliandika mwaka 1825, limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya nondo. Kwao ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia huko.

Mama hufanya kazi ya nyumba Lavington. Mwajiri wake alisafiri Januari na atarudi Desemba, akamwachia ufunguo na maagizo kadhaa. Agizo moja lilikuwa asisahau kumwagilia hilo ua. Mama hakusahau. Kila alipokwenda alimwaga kikombe kizima, na majani yalipoanza kunyauka akasema ni kiu, akaongeza cha pili. Siku aliyoileta nyumbani aliketi kitandani akaniambia, "We unasoma Biology. Hii maua ikikufa, hiyo ni pesa yangu itakatwa." Bei ya okidi moja dukani ni ya kufua nguo siku nyingi, kwa hivyo hayakuwa maneno ya kuchekea.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba okidi iliyozidishiwa maji na okidi iliyonyimwa maji hufanana kabisa kwa sura. Zote mbili hulegea majani. Mizizi ikioza haiwezi kunyonya kitu, kwa hivyo mmea unakufa kwa kiu huku miguu iko majini. Sisi wa Silanga tunaijua hali hiyo vizuri. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipokuja, maji yalikuwa kila mahali na ya kunywa hakuna.

Mbona ioze upesi hivyo? Kwa sababu okidi hii si mmea wa udongo. Kwao hukaa juu ya miti, imeshika gome kwa mizizi, bila kumfyonza huyo mwenyeji wake hata kidogo. Ni mpangaji mwema, si kupe. Mizizi yake imevikwa ngozi nene ya seli zilizokufa, mfano wa sponji, ambayo hunywa mvua kwa haraka kisha hukaushwa na upepo. Ikikosa upepo huoza. Ngozi hiyo ndiyo saa ya kumwagilia. Mzizi ukiwa mkavu ni wa rangi ya fedha, ukiwa umeshiba ni wa kijani. Ukiona kijani, weka kikombe chini!

Nilitandaza gazeti nikaitoa okidi katika mkebe wake. Harufu iliyotoka sitaieleza, maana kuna watakaosoma haya wakila. Mzizi mzima ukiubonyeza ni mgumu. Ule uliooza ni wa hudhurungi na mtupu ndani, ukiuvuta ngozi inavuka kama soksi na kubaki uzi tu. Nilihesabu mizizi 14. Mizima ilikuwa 3. Mama aliuliza kama imepona tayari.

Nilichukua wembe mpya, nikaupitisha kwenye moto wa kibiriti, nikakata kila kilichooza mpaka nikafikia sehemu nyeupe ngumu. Wembe huo upitishwe motoni tena na tena, la sivyo unauhamisha ugonjwa kutoka mzizi hadi mzizi. Vidonda nilivipaka unga wa mdalasini kidogo, ule wa chai, kwa sababu huzuia kuvu. Lakini vidonda tu jamani. Mdalasini hukausha, na ukiupaka mzizi mzima unaumaliza mwenyewe.

Halafu makao mapya. Vitabu vinataka magome ya paini. Niliyapata bure kwa mafundi wa mbao, kwao ni takataka, nikayachemsha ili wadudu wafe. Nikachanganya na vipande vya makaa vya ukubwa wa kidole gumba, vilivyooshwa mpaka vumbi lote likaisha. Makaa hayaozi upesi na huacha nafasi ya hewa kupita. Mkebe ni chupa la maji la lita tano nililolikata katikati na kulitoboa kwa msumari wa moto chini na ubavuni. Ni la plastiki angavu, kwa hivyo naona mizizi bila kufukua. Fundi wa nywele wa ploti yetu aliniuliza kama nimeanza biashara ya kuku.

Kumwagilia sasa ni mara moja kwa wiki, au siku kumi wakati wa baridi. Naizamisha chupa kwenye beseni dakika kumi, natoa, naacha ichuruzike hadi tone la mwisho. Maji ya mvua ndiyo bora. Mabati yetu yana kutu, kwa hivyo naweka beseni mbali na paa. Kama maji yametuama katikati ya majani, yapangusweni kwa kitambaa, kwa sababu moyo wa okidi hii ukioza, hakuna chipukizi lingine la kuipandisha juu. Na mbolea isiguse mmea mgonjwa. Jirani mmoja alinishauri niweke ile ya kupandia mahindi. Nilimshukuru sana, na sikuiweka. Mizizi mipya ikishatoka, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yatosha.

Mwanga ulinisumbua. Nyumba yetu ina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na okidi inahitaji mwanga mwingi usio jua kali la moja kwa moja. Mwalimu wa Biolojia akaniruhusu niiweke kwenye dirisha la maabara, upande wa mashariki. (Aliyeimwagia chai ya saa nne mwezi wa Juni anajijua, na sitamtaja.) Julai nikairudisha nyumbani, kwani maabara usiku ni baridi mno kwa mmea wa nchi za joto. Chumba wanacholala watu wanne kina joto lake. Ila niliiweka mbali na jiko, na mbali na ndizi mbivu vilevile. Moshi wa jiko na ndizi zinazoiva vyote hutoa gesi ya ethilini, ambayo huangusha vichipukizi vya maua.

Huko Lavington, kabla ya kuiuguza, nilikuwa nikidhani okidi ni kitu cha wageni. Kumbe vanila ya keki hutoka kwenye okidi! Tena aliyewafunza watu kuichavusha kwa mkono alikuwa mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, kisiwani Reunion mwaka 1841. Na Kenya ina aina zaidi ya 250 zilizo zetu. Moja ni Ansellia africana ya pwani, ya manjano yenye madoadoa kama chui. Lakini usiende msitu wa Ngong na panga kuzing'oa, maana nyingi hufa zikiondolewa kwenye mti wake.

Mei ulitokea mzizi mpya, ncha yake kijani yang'aa. Julai jani jipya. Mwisho wa Agosti kikachomoza kitu kingine ubavuni, na hapa ndipo penye mtihani. Ncha ya mzizi ni ya mviringo. Hii ilikuwa bapa, kama glovu ya mtoto mchanga. Ulikuwa ushina wa maua. Baridi ya Julai ndiyo huuamsha, ndiyo maana Nairobi inaweza kuifanya okidi ichanue pale ambapo joto la Mombasa lingeikatalia.

Mama alifurahi akaita majirani. Mwajiri angerudi akute maua! Mimi nilihesabu mizizi: 5. Majani ya zamani yalikuwa bado yamekunjamana. Mmea dhaifu ukiachwa uchanue hutumia akiba yake yote, na wakati mwingine hilo ndilo ua lake la mwisho. Nilikaa siku tatu nikifikiri. Siku ya nne nilipitisha wembe motoni nikaukata ushina ule ukiwa na urefu wa kidole.

Mama hakunisemesha siku mbili. Ya tatu alisema tu, "Sasa nitamwonyesha nini?"

Hivi ninavyoandika, okidi ina mizizi 8 na majani 4 magumu, na jani la tano linachungulia. Maua ni sufuri. Mwenyewe anarudi mwezi ujao. Mama ameamua kwamba siku hiyo tutakwenda Lavington pamoja, yeye atabeba kiondo, na mimi ndiye nitakayeeleza kuhusu wembe.