"Kama hupendi hapa, si uhame?"

1/ Mjadala wa siasa ukipamba moto hapa Nakuru, lazima mtu aseme: "Kama hupendi nchi hii, hama!" Sawa. Tuhamie wapi, na tukifika tutakuwa na haki gani?

2/ Saudi Arabia unaweza kwenda bila digrii, kwa kazi za nyumbani. Lakini kibali chako cha kukaa kinamtegemea mwajiri. Ujerumani ilitia saini mkataba wa ajira na Kenya 2024, ila kwa kazi nyingi inataka Kijerumani na cheti inachokitambua.

3/ Na kura je? 2022 Wakenya wa nje walipigia kura katika nchi 12 tu, na ya urais pekee. Ujerumani ilikuwemo. Saudi Arabia, yenye maelfu ya Wakenya, haikuwemo.

4/ Kwa hivyo ukienda, pesa utatuma nyumbani, lakini gavana, mbunge na MCA watachaguliwa bila wewe.

5/ Sisemi usiende. Dadangu mwenyewe anaamua wiki hii. Kagua ajenti kama amesajiliwa na NEA, soma mkataba kabla ya kusaini. Lakini anayekuambia "hama" ukiuliza kuhusu kazi na bei ya unga, hajajibu swali lako. Muulize tena.