NAITROJENI KATIKA TAIRI: JE, YAFAA KUILIPIA?



Mazao yako hayana bei mpaka yafike sokoni, nayo hufika juu ya matairi. Kabichi na viazi vya Kinangop na Ol Kalou husafirishwa mpaka Nairobi, na sehemu yake huuzwa Kawangware, soko la Toi, na katika vibanda vya mboga vya Soweto West, huko Kibera. Tairi likipasuka njiani, kabichi hunyauka juani, mnunuzi huenda kwa mwingine, na kazi ya miezi mitatu hupotea asubuhi moja. Tena dereva na wachukuzi walio juu ya mzigo huweza kuumia. Kwa hiyo habari ya upepo wa tairi si ya madereva peke yao. Yakuhusu wewe mwenye mzigo.

Siku hizi wenye pikapu wakifika mjini huambiwa jambo jipya. Katika baadhi ya vituo vya petroli na maduka ya matairi ya Nairobi husikia, "Usitie upepo wa kawaida, tia naitrojeni." Wengine hulipa, na vali za matairi yao huvishwa vifuniko vya rangi ya kijani. Lakini ukienda Soweto West, fundi wa pancha aliye kando ya njia ana kompresa yake tu, naye hukutilia upepo huu huu tunaovuta puani. Je, fundi huyo anakupa kitu duni? Tulitazame jambo hili polepole.

NAITROJENI NI NINI?

Wewe waijua naitrojeni tangu zamani, ila kwa njia nyingine. Ndiyo chakula cha mimea kilichomo katika mbolea. Katika mfuko wa urea, sehemu 46 kwa kila 100 ni naitrojeni. Mizizi ya maharagwe, ikisaidiwa na vijidudu vyake, huikamata kutoka hewani na kuinufaisha ardhi. Na tangu mwaka 1913, kilipofunguliwa kiwanda cha Oppau, Ujerumani, watu wameikamata kwa mashine ili kutengeneza mbolea.

Sasa fanya hesabu hii. Hesabu punje 100 za maharagwe, uziweke mezani. Tuseme hizo ndizo hewa yote. Tenga punje 78: hizo ni naitrojeni. Tenga 21: hizo ni oksijeni, ambayo hutupa uhai na kuwasha moto. Iliyobaki, punje moja, ni mchanganyiko wa gesi nyingine. Basi waona kwamba fundi wa Soweto West akijaza tairi lako kwa kompresa, zaidi ya robo tatu ya alichotia ni naitrojeni, naye hakukutoza bei ya naitrojeni. Anayeuza naitrojeni kwa bei yake anaondoa zile punje 21 na unyevu uliomo hewani. Swali letu ni moja: kuondoa huko kwaleta faida gani?

YALIYO KWELI KATIKA MANENO YA MUUZAJI

Muuzaji wa naitrojeni hasemi uongo mtupu. Mpira wa tairi huonekana mzima, lakini gesi hupenya ndani yake kidogo kidogo, na oksijeni hupenya upesi kuliko naitrojeni. Kwa sababu hii tairi lililojazwa naitrojeni hupungua polepole zaidi. Tena naitrojeni ya mashine ni kavu, wala haileti maji ya kutia kutu ndani ya ringi.

Lakini yafaa tujue faida hiyo ni kubwa kiasi gani. Mafundi hupima nguvu ya upepo kwa PSI, yaani ratili katika kila inchi ya mraba; hapa tutasema ratili tu. Mwaka 2006 gazeti la Consumer Reports la Marekani, ambalo hupima bidhaa kwa ajili ya wanunuzi, lilianza kujaribu aina 31 za matairi. Kwa kila aina, tairi moja lilijazwa upepo wa kawaida na jingine naitrojeni, yote kwa ratili 30. Yakawekwa nje kwa mwaka mzima bila kutumiwa. Mwisho wa mwaka, matairi ya upepo wa kawaida yalikuwa yamepungua ratili 3.5 kwa wastani, na yale ya naitrojeni ratili 2.2.

Tofauti ni ratili 1.3 tu kwa miezi 12. Tena angalia: hata yale ya naitrojeni yalipungua. Hakuna tairi lililoweza kukaa mwaka mzima bila kuhitaji kuongezwa.

TUIPIGIE HESABU

Muuzaji atakuambia kwamba utaokoa petroli. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba, matairi yote yakipungua ratili 1, gari hupoteza karibu sehemu 0.2 katika kila 100 za mafuta yake. Basi kwa ratili 1.3 hasara ni kama robo lita katika kila lita 100, tena hiyo ni kwa mtu ambaye hakugusa matairi yake mwaka mzima. Mtu anayepima na kuongeza upepo kila mwezi, kwake hata robo lita hiyo haipo.

Kwa upande wa gharama, tuseme unatozwa shilingi 100 kwa kila tairi. Pikapu ina matairi manne na la akiba, jumla shilingi 500. (Mahali pa mfano wangu weka bei uliyoambiwa.) Matairi hayo yakipungua, utalipa tena au utaongeza upepo wa kawaida. Fedha hiyo yaweza kuanza akiba ya kununua geji yako mwenyewe, ambayo ikitunzwa hudumu miaka.

NDEGE NA GARI SI SAWA

Watu wa Kibera huona ndege zikipita kwenda Uwanja wa Wilson, na muuzaji hupenda kusema, "Hata ndege hutumia naitrojeni." Kwa ndege kubwa za abiria ni kweli, na sababu yake ni nzito. Tarehe 31 Machi 1986, ndege ya Mexicana aina ya Boeing 727 iliondoka mji wa Mexico. Breki moja ilikuwa imepata moto mno, na tairi lake lilikuwa limejazwa upepo wa kawaida mahali pa naitrojeni. Tairi likalipuka ndani ya mwili wa ndege, ndege ikaanguka, na watu wote 167 wakafa. Mwaka uliofuata Serikali ya Marekani ikaamuru naitrojeni itumiwe katika matairi ya ndege kubwa.

Lakini tairi la ndege hubeba uzito mkubwa sana kwa kasi kubwa, hupata joto kali la breki, kisha hufungiwa tumboni mwa ndege. Pikapu yako yenye breki nzima, hata ikipanda Barabara ya Ngong na viazi, haifiki huko.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Sasa sikiliza neno ambalo ndilo lililonifanya niandike habari hii. Mwenye vifuniko vya kijani huingiwa na imani mbili mbaya. Ya kwanza ni kwamba hana haja ya kupima tena. Ya pili ni kwamba akitia upepo wa kawaida ataharibu tairi. Basi tairi likilegea akiwa Soweto West na mzigo mgongoni, humpita fundi wa pancha na kuendelea kutafuta kituo chenye naitrojeni.

Hiyo ndiyo njia ya kupasua tairi. Tairi lililolegea hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huleta joto, na joto hudhoofisha nyuzi za ndani mpaka tairi lipasuke. Kumbuka pia kwamba naitrojeni haizuii msumari, wala haizibi vali mbovu, wala hainyoshi ringi iliyopinda. Upepo wa kawaida ukichanganyika na naitrojeni haudhuru kitu chochote. Ongeza papo hapo, uende salama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAMBO YA KUFANYA

1. Pima matairi yote kwa geji angalau mara moja kila mwezi, na kabla ya kila safari ya mzigo. Usipime kwa kupiga teke, maana mguu haujui tofauti ya ratili 25 na 35.

2. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Upepo huongezeka karibu ratili 1 kwa kila nyuzi 6 za joto, na naitrojeni hufanya vivyo hivyo. Usipunguze upepo wa tairi lililopata moto barabarani.

3. Fuata kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa gari, aghalabu katika karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi kuna kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni mwisho wa nguvu zake, si kipimo cha kila siku.

4. Hakikisha kila vali ina kifuniko. Rangi yake si kitu. Kazi yake ni kuzuia vumbi na matope.

5. Usisahau tairi la akiba.

6. Usizidishe mzigo. Hakuna gesi itakayolipa nguvu tairi ambalo halikuumbwa kubeba magunia hayo.

Basi, je, yafaa kuilipia? Ukinunua matairi mapya na mwenye duka akakutilia naitrojeni bure, ipokee na umshukuru. Ukiwa mtu wa kuliacha gari limesimama miezi mingi, itakusaidia kidogo. Lakini kwa mkulima anayeteremsha mzigo sokoni kila juma, upepo wa fundi wa Soweto West watosha kabisa, madhali unapimwa. Naitrojeni ya kununua ni ile ya mfuko, nayo mahali pake ni shambani.