Roboti ya mashindano yahitaji gia, si mota kubwa

Mwaka 1929 shirika la Wilson Airways lilianza shughuli zake mjini Nairobi kwa ndege aina ya Gipsy Moth. Injini ya ndege hiyo, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland katika kiwanda chake cha Stag Lane, Kingsbury, kaskazini magharibi mwa London, haikuwa na giaboksi. Iliizungusha propela moja kwa moja, mara 2,000 hivi kwa dakika, na kasi hiyo iliitosha ndege.

Mwanafunzi anayeunda roboti ya mashindano, awe Kingsbury ya leo au Nairobi, hana bahati hiyo.

Mota zinazotumika sana katika mashindano ya FIRST Tech Challenge huzunguka karibu mara 6,000 kwa dakika zikiwa hazina mzigo. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 10 likifungwa kwenye mota hiyo bila gia, kwa hesabu ya karatasini lingekwenda zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Kwa kweli roboti haitajongea ipasavyo: mota itaelemewa na uzito, itapata joto na huenda ikaungua.

Dawa yake ni kupunguza kasi, tuseme mara 20. Gurudumu litazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mwendo wa mita moja na nusu kwa sekunde, na nguvu ya kulizungusha itaongezeka karibu mara 20, ukiondoa inayopotea kwa msuguano.

Hapo ndipo nafasi inapokuwa taabu. Roboti inapoanza mchezo hairuhusiwi kuzidi sentimita 45.7 kila upande. Gia ya mota yenye meno 12 ingehitaji mwenzake mwenye meno 240, na hata kwa meno madogo kipenyo chake kingefika sentimita 24, zaidi ya nusu ya upana wote.

Kwa hiyo kazi hugawanywa: hatua ya kwanza mara 4, ya pili mara 5. Njia inayookoa nafasi zaidi ni gia za sayari. Gia tatu huizunguka ile ya kati, mithili ya sayari na jua, zote zikiwa ndani ya pete yenye meno upande wa ndani. Pete ya meno 36 ikizuiwa isizunguke, na gia ya kati ikiwa na meno 12, fremu inayobeba zile gia tatu huzunguka polepole mara 4 kamili. Mzigo nao hubebwa na gia tatu badala ya moja, hivyo meno hayavunjiki upesi.

Mbunifu stadi hujiuliza pia swali ambalo wengi hulisahau: roboti ikikwama ukutani na kuendelea kusukuma, nini kitasalimu amri kwanza? Afadhali magurudumu yateleze sakafuni kuliko mota isimame huku umeme ukiendelea kuingia. Mchezo wenyewe ni wa dakika mbili na ushei, na mota ikiungua katikati yake hakuna fundi anayeruhusiwa kuingia uwanjani.