Madimba: Rangi Ibaki au Iondolewe?

Madimba, mkoani Mtwara, inajulikana zaidi kwa mtambo wa kuchakata gesi asilia, lakini ukifika msimu wa korosho mpigapicha wa mtaani hupata kazi nyingine hapo. Bibo limeiva, jekundu, na korosho ya kijivu inaning'inia chini yake katikati ya majani. Kwa rangi, bibo ndilo jicho linalolikimbilia. Ukiiondoa rangi, bibo hupotelea majanini, ikabaki korosho.

Hiyo ni hesabu tu. Ugeuzaji wa kawaida wa picha kuwa nyeusi na nyeupe huipa kijani uzito wa karibu asilimia 59, nyekundu 30 na buluu 11. Nyekundu iliyokolea na kijani cha jani lililokomaa huweza kutoka kijivu kilekile. Kanga nayo ina hatari hiyo: pindo na mji vikilingana mng'ao, nakshi yote inazama. Enzi za filamu dawa ilikuwa kufunga kichujio cha rangi kwenye lenzi. Leo programu nyingi za kuhariri humwezesha mtu kung'arisha nyekundu peke yake.

Jua nalo lina lake. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 22 Februari, jua la adhuhuri hupita utosini. Macho yanafichwa na kivuli cha kofia, mchanga wa njia ya Msimbati unameremeta, rangi zinapauka. Saa hizo nyeusi na nyeupe inastahili, kwa kuwa kivuli kikali ndicho kinachoijenga picha. Kuanzia saa kumi na moja jioni rangi zinarudi, na kuzitupa ni hasara.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, uchaguzi huu wa rangi au nyeusi na nyeupe uliwahi kugusa heshima ya watu. Mpigapicha Ricardo Rangel wa Msumbiji, aliyezaliwa mwaka 1924, alipiga maisha ya usiku ya Rua Araújo, mjini Lourenço Marques, kwa nyeusi na nyeupe, na nyuso zikabaki na uhai wake. Filamu za rangi za wakati huo zilisawazishwa kwa kadi za wanawake weupe, ngozi nyeusi ikapoteza undani. Mwongozaji wa sinema Jean-Luc Godard, alipofanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alizikataa filamu za Kodak akiziita za kibaguzi.

Kamera za leo zimeboreshwa, ila mchanga mweupe bado huidanganya simu ikatia uso giza. Gusa uso kwenye kioo, kisha ongeza mwanga kidogo, hata kama rangi itaondolewa baadaye.

Kinachosikitisha ni mazoea ya kuugeuza mji wa Mikindani kuwa nyeusi na nyeupe kwa sababu tu kuta zake ni kuukuu. Watu wanaishi pale. Ndoo ya plastiki ya buluu mlangoni na fulana ya Yanga ya kijani na njano ndizo zinazomwambia mtazamaji kwamba picha ni ya sasa.